Usumbufu Kidogo

Jumatatu, 4 Machi

Mama wa mia moja na kumi na tisa leo. Bado arobaini na mmoja, utafiti ukamilike. Bingwa amepita chumba cha upasuaji akipiga mluzi. Daktari wetu huyu, mkuu wa kitengo cha usingizi, akipiga mluzi ujue kuna mkutano mahali na jina lake limo kwenye ratiba.

Niandike vizuri, maana nikistaafu nitasahau hata nilikuwa nafanya nini humu. Nesi wa usingizi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Wodi nzima wananiita Mama Ganzi. Mkurugenzi wa hospitali nadhani hata hajui kama nina jina jingine.

Utafiti wenyewe ni wa ganzi ya mgongo kwa akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa. Kundi moja linapata dozi nzima, ile tuliyoizoea. Kundi la pili dozi pungufu. Nafungua bahasha, nasoma kundi, nachoma sindano. Mama hajui yuko kundi lipi. Tunauliza mambo mawili tu: dozi pungufu inazuia presha isiporomoke? Na je, inatosha? La kwanza linajibiwa na mashine. La pili analijibu mama mwenyewe, kesho yake asubuhi wodini, nikiwa nimesimama na fomu.

Fomu ilikuja kwa Kiingereza. Aliyeiweka kwa Kiswahili ni mimi. Niliandika *maumivu*. Bingwa akakata kwa kalamu nyekundu — akasema neno hilo litawatisha, watakumbuka hata yasiyokuwepo. Tuweke *usumbufu*. Nikaweka. Tena nikaliona la kisomi! Visanduku vitatu: hakuhisi chochote, usumbufu kidogo, usumbufu mwingi.

Mama niliyemuuliza leo asubuhi, yule aliyepasuliwa Ijumaa (wikendi sikuwa zamu), aliniambia tumbo lilikuwa linapekuliwa kama mkoba wa mtu aliyepoteza funguo. Tumecheka mpaka akashika mshono. Usumbufu kidogo. Tiki.

Nyumbani Mzee, mume wangu, kapika. Kaunguza. Tumekula tukisifu.

Alhamisi, 14 Machi

Kifungua mimba wangu kaja na picha za kipimo. Mtoto kakaa vibaya, katanguliza makalio, na kichwa ni kikubwa. Atapasuliwa tarehe tatu Aprili. Kwetu, hospitali yetu.

Mzee kanuna. Anaona mtu kupasuliwa ni kama gari kufunguliwa injini, halirudi lilivyokuwa. Binti kamcheka. Akanigeukia:

"Mama, wameniuliza kliniki kama nataka kuingia kwenye utafiti. Si ndio ule wako?"

Nikamwambia ni hiari. Akikataa anatibiwa vilevile, hakuna atakayemnunia.

"Wewe unaonaje?"

Nikasema ni utafiti mzuri, utawasaidia wengi. Nikarudia ni hiari. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka mwenzake akubali. Najijua.

"Basi naingia. Si nitakuwa na mama yangu humo humo?"

Utaratibu hauniruhusu kumhudumia ndugu. Nilimweleza. Akasema hata nikiwa chumba cha pili inatosha.

Ijumaa, 22 Machi

Siku mbaya.

Jana, mama namba 127, dozi pungufu. Kabla ya kisu tunapima ganzi kwa pamba ya spiriti: nagusa tumbo, namuuliza baridi inaanzia wapi. Aliisikia kwenye kitovu. Ganzi haikuwa imepanda vya kutosha. Nikasema. Bingwa akasema itapanda, anzeni.

Haikupanda. Mama alisema, "Nasikia!" Kisha, "Nasikia, jamani, nasikia!" Nikashika sindano ya dawa ya ziada. Bingwa akanishika mkono — taratibu tu, kama mtu anayemzuia mtoto asimwage chai. "Subiri. Inaingia." Najua kwa nini. Tukitoa dawa ya ziada au tukimlaza kwa nusu kaputi, fomu inaandikwa *ganzi imeshindwa*. Na zikishindwa nyingi, mkutanoni hamna cha kusema.

Dakika tisa. Nilihesabu kwenye saa ya ukutani. Mama aliuma mdomo wake ukatoa damu. Mtoto alipolia, akanyamaza. Ndipo Bingwa akasema, mpe kitu kidogo sasa. "Kidogo" kilikuwa cha kumfanya asinzie, na wala hakikuandikwa.

Asubuhi hii nimemfuata na fomu. Ana mtoto kifuani, mdomo umevimba. "Je, ulihisi usumbufu wowote wakati wa upasuaji?" Kaniangalia kama nimemuuliza bei ya nazi. "Namshukuru Mungu, sista. Mtoto mzima."

Nikatia tiki. Usumbufu kidogo. Mkono wangu, kalamu yangu.

Kwa nini nilinyamaza? Niseme hapa, maana kwingine sisemi. Miaka miwili iliyopita kuna mama alikufa mezani. Dozi nzima. Aliniambia anasikia kichefuchefu, kisha presha ikaanguka kama ndoo kisimani, na hatukuiona tena. Sindano ile niliichoma mimi. Dozi ilikuwa sahihi, kila kitu kilikuwa sahihi, na mama akafa. Wakati wa uchunguzi Bingwa alisimama akasema nesi huyu hana kosa hata chembe. Angeweza kunitupa. Hakunitupa. Utafiti huu ulianzia pale. Mimi ndiye niliyeutaka kuliko hata yeye.

Jumatano, 3 Aprili

Mjukuu! Wa kike. Kilo tatu na gramu mia mbili. Ana nywele kama amesukwa huko huko.

Sitaki kuandika mengine.

Naandika. Nilikuwa chumba cha pili na mgonjwa wangu, mzee anayepasuliwa ngiri, nusu kaputi kamili, mimi ndiye ninayempumulisha. Ukuta kati yetu ni mwembamba, tunasikiana hata mikasi ikianguka. Saa nne na robo nikasikia, "Mama!"

Nikadhani mtoto katoka. Nikatabasamu ndani ya barakoa.

Tena. "Mama! Mama!"

Haikuwa sauti ya furaha. Mtu aliyelala kwa dawa yangu huwezi kumwacha hata kwa sekunde ya kuchungulia mlangoni. Nimekaa pale nabana mfuko wa hewa, nabana, naachia, nabana. Daktari wa upasuaji akaniuliza kama mgonjwa yuko sawa. Nikamwambia yuko sawa. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Kaniita mara saba. Sikwenda.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimefika wodini saa moja. Mpole ameshatangulia na fomu — mwenzangu, nesi wa usingizi wa pili, ndiye aliyemhudumia jana. Fomu ya namba 132 ipo mguuni pa kitanda, wino bado unang'aa. Usumbufu kidogo.

Binti hakunisalimu. Nikamwamkia mimi. Akasema:

"Nilisikia kisu, Mama. Siyo kuvutwa. Kisu."

Nikamuuliza kama alimwambia Mpole.

"Kaja asubuhi, kaniuliza kama nilisumbuka. Nikamwambia sikusumbuka, niliumia. Kaniambia hakuna kisanduku cha kuumia. Akaniomba msamaha. Halafu akatia tiki." Akamfunika mtoto vizuri. "Neno hilo nani aliliweka? Usumbufu. Usumbufu si ni jirani anayepiga muziki?"

Ningeweza kusema ni wao. *Wao* ni neno zuri, linabeba kila mtu.

Nikasema mimi.

Akamgeuzia mtoto upande wa pili, ule wa ukutani. Nimesimama pale mpaka mwenye zamu akaja kubadilisha dripu, akaniambia, "Mama Ganzi, umekuwa bibi, tuletee soda!" Nikacheka. Ndiyo, nilicheka!

Jumapili, 7 Aprili

Karuhusiwa. Tulikuwa tumekubaliana tangu Januari: siku arobaini atakaa kwetu, mimi nimkande, nimwogeshee mtoto. Chumba nimepaka rangi. Mzee kafunga neti kwa mkono wake, imepinda, lakini kafunga.

Mkwe wangu kaja na gari la kukodi. Akashindwa kunitazama. Akasema, mama, mwenzangu anaomba aende kwanza kwa mama yangu. Nikasema vizuri tu, kule kuna nafasi. Kule kuna nafasi! Nyumba ya vyumba viwili, watu tisa.

Mzee kaniuliza kuna nini. Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi, wanaanzia kwa wakwe. Kanitazama. Akaingia chumbani akaanza kufungua neti. Nikamwambia iache.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sikuruhusiwa.

Saa ya chai nimeshuka kliniki ya watoto. Akina mama wa Februari na Machi wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri mizani. Wananikumbuka. Mtu aliyekushika bega unapochomwa sindano ya mgongo humsahau. Nilikuwa na kidaftari mfukoni na swali moja: "Uliumia?"

Sikusema usumbufu wala sikusoma fomu. Uliumia, kama unavyomuuliza mtoto aliyeanguka.

Nimewapata tisa. Wanne wa dozi nzima: hakuna aliyeumia. Mmoja kasema alitapika na kuona giza, akadhani ndio anakwenda — namkumbuka, presha ilimshuka, ilituchukua robo saa kuirudisha. Watano wa dozi pungufu: presha zao zilikuwa kama za wasichana wa shule. Wanne kati yao waliumia. Waliumia sana.

Mmoja nilimuuliza kwa nini hakusema wodini. "Nilijua ndivyo inavyokuwa. Mnasema mmetia ganzi, nikajua basi ganzi ndiyo hiyo, mie ndiye mwoga."

Mwingine, yule wa mdomo, 127, hakujibu. Alinishika kiganja akakibana kwa nguvu zake zote, akanitazama usoni, akaendelea kubana mpaka nikasema basi. Akaniachia. Akaitwa kwenye mizani.

Mpole aliniona nikipanda ngazi. Keshajua. Kaniambia, "Dada, fomu ishafungwa, wewe unafungua nini?"

Jumanne, 23 Aprili

Nimeingia ofisini kwa Bingwa na kidaftari. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu Jumapili. Yote yaliyeyuka.

Kasoma kurasa zote, taratibu. Hakukasirika — ningependa angekasirika.

"Hawa umewauliza kwa idhini ya nani?"

"Ya kwangu."

"Kwa fomu ipi?"

"Kwa mdomo."

Akaweka miwani mezani. Akasema swali la namna hiyo linamwekea mtu jibu kinywani. Ukimuuliza mtu aliyepasuliwa kama aliumia, atakuambia aliumia, hata angekuwa amelala fofofo.

Nikamwambia wale wanne wa dozi nzima niliwauliza swali lilo hilo.

Akakifunga kidaftari. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Sista, yule mama unamkumbuka?"

Hakuhitaji kusema yupi.

"Nami namkumbuka. Nilimweleza mume wake mimi, wewe ulikuwa umekaa chini kwenye korido huwezi hata kusimama. Sasa niambie. Tangu tuanze, kundi la dozi pungufu, presha ngapi zimeporomoka? Mbili. Mbili! Maumivu ya dakika ishirini hayaui mtu. Presha inaua. Unataka nichague nini?"

Nikasema hakuna aliyemwambia achague. Dozi pungufu ingeweza kubaki, ila mama akisema anasikia, apewe dawa palepale, na iandikwe. Basi. Apewe, iandikwe.

"Ikiandikwa hakuna utafiti."

"Basi hakuna."

Alitabasamu. Akaniuliza binti anaendeleaje. Nikasema vizuri. Akaniuliza kama haya yote si ya binti. Pale ndipo nilipotoka, maana ningebaki ningesema ndiyo. Na ni kweli! 127 aliuma mdomo mbele yangu, nikatia tiki nikaenda kunywa chai. Ilibidi aumie wa kwangu.

Jumatano, 24 Aprili

Barua kwa kamati ya maadili. Nimeandika mara nne. Ya nne nimeipeleka mwenyewe, kwa mguu, kabla sijapoa. Karani kaigonga muhuri bila kuisoma, akaniuliza kama nina kalamu ya kumwachia.

Ijumaa, 3 Mei

Wamejibu. Kikao tarehe kumi na nne. Wanataka mifano iliyo wazi, na ikiwezekana mama aje aseme mwenyewe.

Nikaenda kwa binti. Mwezi mzima nilikuwa naonana na mjukuu kwa picha za simu anazonitumia mkwe kwa kujificha. Mama mkwe wake kanipokea vizuri, kanipa kiti, kaniacha. Mtoto kanenepa. Binti kanipa nimshike, tena bila kuombwa, nikaona mambo yamekwisha.

Nikamweleza kuhusu kamati. Nikamwambia wewe ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Unajua kueleza, hawatakuyumbisha. Nikaona nasema kama Bingwa, maneno yanateleza yenyewe. Nikashindwa kujizuia.

Kasikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto.

"Usinitumie mimi, Mama. Umeshanitumia mara moja."

"Mwanangu, ni kwa ajili ya wengine."

"Hata ile ilikuwa kwa ajili ya wengine."

Mama mkwe wake akakohoa huko jikoni. Nikanywa maji niliyoletewa, yote, nikaaga. Mpaka getini nilikuwa nangoja aniite. Nani kasema mtu akiita anaitikiwa?

Jumanne, 14 Mei

Kikao. Chumba cha mikutano cha juu, kile chenye viti vinavyozunguka. Watu saba. Bingwa kaingia kwanza, kakaa humo dakika arobaini. Mimi kwenye benchi nje, na Mpole pembeni yangu, naye kaitwa. Mpole kanisihi nisimtaje kwenye habari ya dawa zisizoandikwa. Ana watoto watatu shule na mkewe haamki kitandani. Nikamwambia sitamtaja. Kwa ndani mara mbili tukasikia kicheko.

Nilipoingia nikaeleza. Kidaftari wakakizungusha mkono kwa mkono. Mwenyekiti, mama mtu mzima, mwanasheria, kakisoma zaidi ya wote. Kisha akainua fomu ya Kiswahili.

"Hii nani aliitafsiri?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na tiki kwenye fomu hizi, namba 119, 120, 123, 127…"

"Zangu."

Mtu mmoja akaandika kitu, akapigia mstari. Bingwa alikuwa anatazama dirishani. Hakunisukuma, hakuhitaji — nilikuwa naanguka vizuri tu peke yangu.

Wakaniuliza mama wa kuja kueleza yuko wapi. Nikasema sina.

Uamuzi: utafiti umesimamishwa kwenye namba 147. Siyo kufutwa, kusimamishwa. Akina mama wote waulizwe upya, kwa simu, kwa Kiswahili cha kawaida, wiki tatu, na ripoti iletwe. Mwenyekiti akasema ingefaa aulize mtu wa nje. Bingwa akasema mtu wa nje hayupo. Wakaandika *ingefaa*.

Kwenye ngazi Bingwa kanipita. Hakupiga mluzi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimetolewa chumba cha upasuaji. Hawakusema nimefukuzwa. Wamesema *kupumzishwa*. Hospitali hii kila kitu kina neno lake laini.

Wamenipa chumba kilichokuwa stoo ya mafaili. Meza, simu ya ofisi yenye waya mrefu, kiti kimoja. Asubuhi Bingwa kaingia bila kubisha, kaweka orodha juu ya meza. Majina yamefichwa, namba za utafiti na namba za simu tu.

"Wewe ndiye uliyetaka waulizwe. Waulize."

Maneno ya kusoma yameandikwa na kamati. Sentensi nne. Siruhusiwi kuongeza neno, kueleza, wala kuomba msamaha. Msamaha nao una kipengele chake: *unaweza kuathiri jibu*.

Wale wa kazini wananipita kwenye korido kama naambukiza. Tuliozoea kunywa nao chai wamehama dirisha. Mpole kaninong'oneza asante. Halafu akatazama kama kuna aliyeona.

Jumatatu, 20 Mei

Simu sitini na tatu mpaka leo. Kumi na saba hazipatikani.

Wengine wanadhani nauza kitu, wanakata. Mmoja kauliza kama kuna zawadi. Mume mmoja kachukua simu akasema mke wangu hana la kusema, kwa nyuma nikamsikia mke anasema lipo! lipo! Ikakatika. Nikapiga tena, imezimwa. Nimeandika *hapatikani*.

Mmoja wa dozi nzima kaniambia bado anaota lile giza. Hakuumia hata kidogo, lakini anaota giza, anajiona anateleza kwenye shimo na watu juu wanaongea habari za mpira. Nimemsikiliza. Fomu mpya inauliza maumivu tu, giza halina pa kuandikwa. Naona nitaandika barua nyingine, na hii nayo watanipa niitafsiri.

Wa dozi pungufu — wengi ndiyo. Siyo wote. Wapo walioniambia kwa moyo mweupe hawakusikia kitu, walikuwa wanapiga soga na Mpole. Nilitaka waseme ndiyo. Nimejishika nikitaka mtu awe ameumia. Hivyo ndivyo nilivyofika.

Jumatano, 22 Mei

Orodha inakwenda kwa mpangilio. Nimepiga 129. 130 hapatikani. 131 amesema hapana, hakuumia, na akaniombea heri.

132.

Namba ya simu naijua kwa moyo, niliinunua mimi alipomaliza shule. Hajapokea simu yangu tangu tarehe tatu ya mwezi huu. Ningeweza kuandika *hapatikani*, nani angejua? Sasa wapo thelathini na tano, angekuwa wa thelathini na sita. Ningeweza kumwomba Mpole apige. Nimekwenda mpaka mlangoni kumwomba. Nikarudi.

Amenikatalia kumtumia. Lakini hii si kumtumia, hii ni kumuuliza. Au ni kitu kilekile? Nusu saa nimekaa nikizungusha waya kidoleni.

Nikapiga. Hii ni simu ya ofisi, namba yake haijui. Akapokea mlio wa pili. "Hallo?" Kwa nyuma mtoto analia.

Nikasoma. Sentensi ya kwanza, habari, napiga kutoka hospitali kuhusu utafiti wa ganzi ulioshiriki. Ya pili, majibu yako ni siri. Ya tatu, unaweza kukataa na hakuna litakalobadilika. Sauti yangu ilikuwa imenyooka kama rula, mimi mwenyewe nikaishangaa. Hakusema kitu. Mtoto tu.

Ya nne. "Wakati wa upasuaji, uliumia?"

Kilio cha mtoto kikasogea karibu na simu. Kisha:

"Anauliza nani?"

Hilo halimo kwenye karatasi. Siruhusiwi kuongeza neno.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mama yako."

Nikasikia anavuta pumzi. Nikangoja akate. Nilikuwa tayari hata na kalamu, kwenye kisanduku cha *amekataa*.

"Subiri," akasema. "Nimlaze mtoto kwanza."

Akaweka simu juu ya kitu, mezani au kitandani, sijui. Hajaikata. Naandika haya mkono wa pili umeshika simu sikioni. Saa ya ukutani inasema dakika sita. Mtoto amepunguza kulia. Nasikia ndara zinakwenda, zinarudi. Bingwa amefungua mlango, kauliza nimefika namba ngapi. Nimemwonyesha kidole, angoje. Bado amesimama. Sasa mtoto kanyamaza kabisa, na ndara zinakuja